Kutoka petroli kwenda dizeli: kubadilisha injini ya Hiace jijini Mwanza, hatua kwa hatua

Hiace ya petroli ina raha yake: haina kelele, ni nyepesi, na asubuhi inawaka bila kubembelezwa. Taabu huanza inapoingizwa barabarani kutafuta hesabu. Jioni bosi anataka chake, konda anataka chake, na kituo cha mafuta kilishachukua chake tangu asubuhi. Ndiyo maana kwenye gereji za Nyakato na Igoma swali hili haliishi: nikitoa hii injini nikafunga ya dizeli, itakubali?

Itakubali. Mwongozo huu unahusu Hiace za umbo la zamani, zile ambazo injini imelala chini ya viti vya mbele, kutoka injini za petroli za 1RZ na 2RZ kwenda dizeli za 3L na 5L. Nimechagua badiliko hilo kwa sababu Toyota wenyewe walishalifanya kiwandani: bodi ileile ilitoka na injini zote hizo. Mwenye Noah, Prado au Mark II naye atapata cha kumfaa, hasa kwenye hatua za mwanzo.

1. Hakikisha ni injini kweli inayokunywa

Kabla hujashika spana, pima. Jaza tenki mpaka pampu ikate yenyewe, andika kilomita, fanya kazi kama kawaida, kisha rudi kituo kilekile ujaze tena mpaka ikate. Gawanya kilomita ulizotembea kwa lita zilizoingia. Fanya hivyo angalau mara tatu, maana Jumatatu ya foleni na Jumapili ya barabara nyeupe hazitoi jibu moja. Mshale wa geji usiuamini, na maneno ya dereva anayenunua mafuta kwa fedha taslimu yapokee kwa tahadhari.

Ukishapata namba, mtafute mwizi. Wa kwanza kumshuku ni thamostati, ile vali inayozuia maji kwenda kwenye rejeta mpaka injini ipate joto, au niseme kukosekana kwake. Gari likichemsha, dawa ya haraka ya mafundi wengi ni kuing'oa thamostati na kuitupa. Gari linaacha kuchemsha, mwenye gari anafurahi, na tangu siku hiyo injini haifiki tena joto lake la nyuzi 80 na kitu. Kwenye injini ya EFI, ambayo petroli yake hupimwa kwa kompyuta, kompyuta hiyo inasoma ubaridi na kudhani gari ndiyo kwanza limewashwa, kwa hiyo inaongeza petroli saa zote. Kwenye injini ya kabureta, petroli haigeuki mvuke vizuri na oili inabaki nzito. Vyovyote vile unalipa wewe. Thamostati mpya ni bei ya chakula cha mchana cha watu wachache. Irudishe, kisha utafute sababu halisi ya kuchemsha, ambayo mara nyingi ni rejeta iliyoziba au feni isiyovuta.

Mengine ni ya haraka. Filta ya hewa iliyojaa vumbi la barabara za Kisesa. Plagi zilizochakaa. Sensa ya oksijeni iliyokufa. Tairi zenye upepo mdogo. Klachi inayoteleza, injini ikipiga kelele na gari haliendi. Na breki zinazoshika: nyanyua gurudumu moja moja kwa jeki, lizungushe kwa mkono; likigoma, hapo umekuwa ukichoma mafuta kupambana na breki zako mwenyewe.

Rekebisha yote hayo, pima tena. Wapo watakaokomea hapa, na watakuwa wameokoa mamilioni.

2. Piga hesabu kwa lita, si kwa hamu

Chukua Hiace ya kupeleka wanafunzi, inayotembea kilomita 1,500 kwa mwezi. Kwa petroli inakwenda kilomita 8 kwa lita. Tuseme kwa dizeli itakwenda 11. Ilikuwa ikila lita 187 na nusu kwa mwezi, sasa itakula 136 na ushei. Umeokoa lita 51. Tukiweka bei ya lita kuwa shilingi 3,000, hiyo ni kama 153,000 kwa mwezi. Ikiwa kazi nzima, yaani injini, gia boksi, ufundi na vikorokoro, imekula milioni 5, fedha yako itarudi baada ya miezi 33 hivi. Muda wote huo injini ya mtumba uliyoinunua nayo inazeeka.

Sasa weka daladala inayotoka Buhongwa kwenda mjini na kurudi, kilomita 150 kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Hizo ni kilomita 3,900. Lita 487 na nusu zinashuka hadi 354 na nusu. Umeokoa lita 133, kama shilingi 399,000 kila mwezi. Milioni 5 inarudi ndani ya mwaka mmoja na siku kidogo.

Tarakimu hizo ni za mfano, weka zako. Ila somo lake halibadiliki sana: anayetembea kilomita chache hana sababu ya kubadilisha injini ili kuokoa mafuta. Bora auze gari anunue lenye injini anayoitaka.

Bei ya mafuta ichukue kwenye tangazo la EWURA, mamlaka inayopanga bei hizo, linalotoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Soma mstari wa Mwanza, usisome wa Dar es Salaam, kwa sababu usafiri wa kuleta mafuta huku umo ndani ya bei. Soma pia petroli na dizeli kwa pamoja. Iko miezi ambayo dizeli inaipita petroli kwa bei, na hapo faida yako inabaki kwenye kilomita kwa lita peke yake. Na usijumlishe rodi laisensi kwenye akiba: ile ada ya kila mwaka iliyokwenda kwa ukubwa wa injini ilifutwa mwaka 2017 ikahamishiwa kwenye bei ya mafuta.

3. Chagua injini iliyo ndugu na gari lako

Soma bati la chasisi. Herufi za mwanzo zinakutajia ukoo wa injini iliyotoka kiwandani. RZH ni Hiace yenye injini za ukoo wa RZ, yaani petroli. LH ni Hiace yenye injini za ukoo wa L, dizeli. KZH ni ile ya 1KZ, nayo dizeli. Kwenye Prado za zamani utaona VZJ95 kwa V6 ya petroli ya lita 3.4, RZJ95 kwa 3RZ ya lita 2.7, na KZJ95 kwa dizeli ya 1KZ-TE. Mark II ina GX100 ya lita 2 na JZX100 ya lita 2.5. Bodi ni ile ile, herufi za mbele tu ndizo zilizobadilika. Maana yake kiwanda kilishaweka sehemu za kukalisha injini hizo zote, na maunting (mipira ya kukalia injini), gia boksi na mabomba yake yanapatikana dukani au kwenye gari lililokatwa.

Ukitoka nje ya ukoo huo, kwa mfano kuchukua injini ya kampuni nyingine kwa sababu jirani kaisifia, jiandae kulipa fundi wa kuchomelea, fundi wa kukereza, na fundi umeme mwenye subira ya mtakatifu. Fedha nyingi za kubadilisha injini huishia kwenye vitu vinavyozunguka injini, siyo kwenye injini yenyewe.

Kwa Hiace, chaguo langu ni 3L kwa kazi za mjini na 5L kwa anayekwenda safari ndefu za Musoma, Geita au Shinyanga. 3L ina sisi (cc) 2,779, 5L ina 2,986. Zote zina pampu ya dizeli ya kimakanika, hazina kompyuta ya kubembeleza, na mafundi wanazijua kwa kufumba macho. Angalia tu usiuziwe 5L-E, ambayo pampu yake ni ya umeme na inataka kontrol boksi yake. 2L ya sisi 2,446 ni rahisi kupatikana, lakini kwa Mwanza siipendi, na sababu ni mwinuko. Ziwa letu liko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari. Hewa ni pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar, na injini isiyo na tabo inapungukiwa nguvu kwa kiasi hicho hicho. Injini ndogo iliyojaa abiria ikipanda mlima itakanyagwa mpaka sakafuni siku nzima, na hapo akiba yote imekwisha.

1KZ-TE ina tabo na ina nguvu tamu. Lakini silinda hedi yake ina sifa ya kupasuka ikichemshwa, na umeme wake unahitaji kontrol boksi na waya zake zote. Kwa gari la kifamilia linaloangaliwa vizuri, sawa. Kwa daladala yenye madereva wawili wa kupokezana, hapana.

Wenye Noah, Vista au Nadia za D-4 wana kesi yao. Injini za 3S-FSE na 1AZ-FSE hupuliza petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa presha kubwa, na uchafu kidogo tu kwenye mafuta unazisumbua. Wengi huhamia 3S-FE au 1AZ-FE za kawaida. Hapo chukua injini na kontrol boksi yake na waya zake kutoka gari moja, usichanganye.

4. Nunua ukiwa umeshika tochi

Njia bora ni nosikati: kichwa cha gari kilichokatwa, injini ikiwa pamoja na gia boksi, altaneta, stata, pampu, rejeta na waya. Ni ghali kuliko injini tupu, lakini ukianza kununua kimoja kimoja utaipita bei yake kabla hujamaliza mwezi.

Kwa injini ya L, kagua haya ukiwa palepale kwa muuzaji. Weka spana kwenye boliti ya puli ya mbele, izungushe kwa mkono mizunguko miwili kamili, isikwame popote. Fungua kifuniko cha kujazia oili uone kama kuna utando wa rangi ya chai ya maziwa, dalili kwamba maji yameingia kwenye oili. Chungulia njia za maji zilipotoka mipira: kutu nyingi inamaanisha ilikuwa ikitiwa maji ya bomba bila kulanti (dawa ya rejeta). Ikiwa muuzaji anaweza kuiwasha chini, iwashe, kisha fungua kifuniko cha oili injini ikiunguruma. Moshi mzito ukitoka kwa kupiga-piga, mafundi watakuambia inapumua, nawe iache.

Kipimo cha kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda, ndicho kinachomaliza ubishi. Tumia geji ya dizeli. Ya petroli itaharibika. Injini ya L yenye afya inakaa karibu na ba (bar) 30. Ikiwa chini ya ba 20, au silinda moja ikipishana na nyingine kwa zaidi ya ba 5, tafuta nyingine.

Kuna kitu kimoja ambacho watu wengi wanakisahau, nacho ndicho cha hatari kuliko vyote. Kwenye petroli, busta ya breki, ile inayolainisha pedali, inavuta hewa kutoka kwenye manifoldi ya injini. Dizeli haina mvuto huo. Kwa hiyo Toyota waliweka pampu ya vakyumu nyuma ya altaneta, ikilishwa oili kwa kibomba chake. Ukinunua injini ya L ukafunga altaneta yako ya zamani ya petroli, taa ya chaji itazimika vizuri, gari litakwenda vizuri, na siku unateremka kutoka Bugando na abiria wamejaa, pedali ya breki itakuwa ngumu kama jiwe la Bismarck. Hakikisha altaneta ya dizeli imekuja na injini, na pampu yake inavuta.

5. Karatasi kabla ya spana

Kadi ya gari ya TRA imeandikwa namba ya injini, ukubwa wake na aina ya mafuta. Ukibadilisha injini, vyote vitatu vimebadilika. Gari lenye namba ya injini isiyolingana na kadi linakuwa na maswali kwa trafiki, kwa kampuni ya bima siku ya ajali, na kwa mnunuzi siku ya kuuza.

Kwa hiyo dai risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) na makubaliano ya mauziano yenye namba ya injini. Kama imeingizwa kutoka nje, dai nakala za forodha. Namba iliyosagwa au kugongwa upya kwenye bloku ni sababu tosha ya kuondoka hata bei ikiwa ya kutupa. Piga picha namba hiyo injini ikiwa bado nje, kwa sababu ikishaingia chini ya viti kuisoma ni shughuli. Nenda TRA na kadi yako uulize utaratibu wa kubadili taarifa na ukaguzi wa polisi kabla kazi haijaanza, ili usije kukuta gari limekamilika na karatasi hazijulikani ziko wapi. Mpe taarifa mwenye bima. Kama ni gari la abiria, leseni yake iko LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, nao wajue.

6. Itengeneze ikiwa nje

Injini ikiwa juu ya mbao, kila kitu kinafikika. Ikishaingia, kazi ya nusu saa inakuwa ya siku nzima. Kwa hiyo badilisha sasa hivi: mkanda wa taimingi na tenshena yake, pampu ya maji, oili sili za mbele na nyuma, thamostati, gasketi ya kifuniko cha vali, na filta zote.

Mkanda usiupuuze. Injini za L hutumia mkanda, na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000. Ukikatika, vali zinapigwa na pistoni. Wewe hujui huu wa mtumba umetembea kiasi gani, na anayekuambia anajua anakuuzia.

Pampu ya dizeli na nozeli zake, zile zinazopuliza mafuta ndani ya silinda, zipeleke kwa fundi pampu mwenye mashine ya kupimia. Mwambie gari litafanya kazi Mwanza. Pampu iliyowekwa kwa hewa ya usawa wa bahari itamwaga dizeli nyingi kuliko hewa iliyopo huku, na kinachobaki kinatoka nyuma kama moshi mweusi. Moshi huo ni fedha yako.

7. Kuishusha ya zamani

Kwenye Hiace injini haitoki kwa juu kama ya Mark II, inashuka chini. Gari linanyanyuliwa juu sana, na hapa sina mzaha: stendi nne imara kwenye chasisi, sakafu ya zege, na pasiwe na mtu chini wakati cheni bloku inafanya kazi. Matofali siyo stendi.

Toa betri kwanza. Mwaga maji na oili kwenye ndoo. Oili chafu ikimwagwa mtaroni hapa mjini inafika Mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani. Wapo wanaoinunua oili hiyo. Kisha toa viti na mfuniko wa injini, propela shafti, ekzosi, mipira, nyaya. Kila soketi ya waya ibandikie karatasi yenye jina, na upige picha za simu kutoka pembe mbalimbali. Fundi mzuri hachukii ukipiga picha. Injini na gia boksi vishuke pamoja, vitenganishwe chini.

8. Tenki na njia ya mafuta

Petroli iliyobaki ikichanganyika na dizeli inaiondolea ule utelezi unaolinda pampu. Tenki lishushwe, limwagwe, lioshwe, likaushwe. Moto, sigara na mashine ya kuchomelea viwe mbali: tenki tupu la petroli ni hatari kuliko lililojaa, kwa sababu limejaa mvuke. Fundi akitaka kuchomelea ufa kwenye tenki hilo bila kuliandaa, ondoka gereji.

Kama ni ya EFI, toa pampu ya umeme iliyo kwenye tenki. Pampu ya dizeli inavuta yenyewe. Utahitaji bomba la kwenda na la kurudi, na filta ya dizeli yenye kitenga maji na kijipampu cha mkono. Kitenga maji ukifungue umwage mara kwa mara, zaidi wakati wa mvua na kwa wanaojaza kwenye madumu huko visiwani na mialoni. Mwisho andika DIZELI kwa rangi kubwa kwenye mdomo wa tenki. Mhudumu wa kituo anaijua Hiace yako kama ya petroli.

9. Kuifunga mpya

Flaiwili, klachi na gia boksi viwe vya injini ya dizeli. Klachi pleti, presha pleti na bearingi weka mpya. Kuishusha tena gia boksi kwa ajili ya bearingi ni uchungu. Maunting ziwe za LH. Mambo ya umeme na ya maji ni kama ifuatavyo.

Rejeta ya dizeli ni nene zaidi, ifunge hiyo. Betri ndogo ya petroli haitoshi: injini inayokandamiza hewa mara 22 inataka nguvu kubwa kuizungusha, kwa hiyo weka betri ya N70 au kubwa zaidi, pamoja na nyaya nene za betri na ardhi. Waya za injini ya L ni chache. Solenoidi ya kuzimia kwenye pampu inahitaji umeme pale tu funguo ikiwa imewashwa. Ukiupoteza huo gari haliwaki, ukiuacha muda wote gari halizimiki. Hita plagi, zile za kupasha silinda joto kabla ya kuwasha, ziwe na rilei yake na taimaa, zisifungwe kwa swichi ya kubonyeza ambayo konda atasahau kuiachia. Sensa ya joto iwe ya aina inayoendana na geji ya dashibodi yako. Ukichanganya, mshale utakaa katikati wakati silinda hedi inaungua.

Injini ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na pua ya gari itainama. Hiace hizi zina tosheni ba mbele, vyuma vinavyojisokota badala ya springi; zikazwe kidogo, kisha gari liende kupimwa alaimenti. Usiporekebisha, tairi za mbele zitaliwa ndani ya wiki chache, na hiyo nayo ni gharama ambayo hukuijumlisha.

10. Kuwasha

Jaza oili ya dizeli ya 15W-40 na kulanti, bila maji ya ziwa. Bonyeza kijipampu cha mkono mpaka kiwe kigumu, ndipo hewa imetoka kwenye filta. Piga hita, zungusha stata kwa vipindi vifupi. Ikigoma, legeza nati za mabomba ya nozeli, zungusha mpaka dizeli itoke bila mapovu, kaza.

Ikiwaka, iache ingurume taratibu. Angalia taa ya oili imezimika, hakuna kinachovuja, na pedali ya breki inashuka kidogo injini inapowaka. Hiyo ndiyo dalili kwamba vakyumu ipo. Kisha tazama moshi ikishapata joto. Mweusi: mafuta mengi au hewa kidogo. Mweupe usiokoma: nozeli, taimingi au maji yanaingia kwenye silinda. Wa bluu: inakula oili, na hapo kipimo cha kompresheni ulichoambiwa kilikuwa cha uongo.

11. Majaribio

Siku ya kwanza mjini tu, bila abiria. Siku ya pili panda Bugando ukiwa umepakia, ushuke kwa gia na breki. Rudi gereji, fundi akaze maunting, mipira na ekzosi. Kisha safari ndefu: kwenda Magu kwa barabara ya Musoma, au Usagara hadi Sengerema kupitia Daraja la JP Magufuli, ambalo tangu lifunguliwe Juni 2025 limekuondolea kule kusimama kivukoni kulikokuwa kunaharibu kila kipimo cha mafuta. Joto lisipande kwenye mlima, lisishuke kwenye mteremko.

Wanaobeba kayabo (samaki wa chumvi) na samaki wa barafu kutoka Mwaloni Kirumba waoshe chini ya gari kwa maji safi kila wiki. Maji ya chumvi yanayodondoka hula soketi za waya mpya na ardhi ya betri.

Badilisha oili na filta baada ya kilomita 1,000, kisha kila 5,000. Pima mafuta kwa njia ile ile ya mwanzo, kituo kilekile, tenki tatu. Ikiwa huoni tofauti uliyoitegemea, anza na pampu na thamostati kabla ya kulaumu injini.

Injini ya zamani usiiuze wiki hiyo hiyo. Subiri mpaka hii mpya imalize kilomita zake 1,000 na kadi ya gari imetoka na namba mpya. Ukiiuza, andika makubaliano yenye namba ya injini na utunze nakala, maana kumbukumbu za zamani bado zinaihusisha namba hiyo na jina lako.